Sanamu Iwe ya Mwisho: Ushauri kwa Wanaokwenda Kusali Kilema na Makanisa Mengine Makongwe ya Moshi

Mtu akiniuliza namna nzuri ya kulitembelea kanisa kongwe lenye sanamu inayoheshimiwa na waamini, jibu langu la kwanza huhusu mpangilio wa ziara yenyewe: sanamu iwe ya mwisho. Nimewasindikiza ndugu, wanajumuiya na wageni kutoka Arusha kwenda kusali katika makanisa ya mlimani, na nimeona kwamba anayekwenda moja kwa moja mbele ya sanamu, akaigusa, akapiga picha na kugeuka, haelewi kwa nini wenzake wamebaki wamepiga magoti. Aliyeanza kwa kuijua historia ya mahali, akashiriki Misa, akaabudu mbele ya Tabernakulo, sanduku takatifu la Ekaristi, na ndipo akaisogelea sanamu ya Bikira Maria, huyo hukaa pale muda mrefu bila kuambiwa na mtu. Ushauri ninaoutoa hapa nimeupata zaidi Kilema, ingawa unafaa pia kwa Kibosho na kwa parokia nyingine za zamani za Jimbo la Moshi.

Anza na historia, na uianze ukiwa bado nyumbani. Kilema iko Vunjo, mashariki ya mji wa Moshi, na jina lake lilijulikana kwa wamisionari kabla ya Wakatoliki kufika, kwa kuwa Johannes Rebmann, Mlutheri wa Kijerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, alipita huko mwaka 1848, mwaka uleule alipoiona theluji ya Kilimanjaro. Wakatoliki walifika mwaka 1890, wakati Askofu Raoul de Courmont, aliyeongoza Kanisa la pwani kutoka Zanzibar, alipopanda mlimani pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, wote wa Shirika la Roho Mtakatifu. Shirika hilo lilikuwa limekwisha kujikita Bagamoyo tangu mwaka 1868, na njia ya kutoka huko hadi mlimani ilikuwa ya miguu, ya majuma mengi, yenye kiu na homa. Mangi Fumba, yaani mtawala wa Kilema, aliwapokea, na misheni yao ikawa ya kwanza ya Kikatoliki katika mkoa wote. Kibosho ilifuata mwaka 1893, Vikarieti ya Kilimanjaro, eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo, ikaundwa mwaka 1910, na mwaka 1953 Moshi ikawa jimbo kamili. Hata kahawa ya aina ya arabika, ambayo imesomesha watoto wengi wa Kichaga, huelezwa kuwa iliingia mlimani kwa mikono ya wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na ukiwa njiani utaiona imepandwa chini ya migomba pande zote mbili za barabara.

Simulizi hii nawasimulia ninaoongozana nao tukiwa garini, kwa sababu inabadilisha namna wanavyoingia kanisani. Mtu anayejua kwamba mababu wa wenyeji hawa walipokea imani katika eneo lilelile, na kwamba wajukuu na vitukuu wao ndio wanaolifagia kanisa hilo leo, hawezi kuingia akizungumza kwa sauti kama aliye sokoni. Ukifika, mtafute katekista, yaani mwalimu wa dini, au mzee wa parokia, umsalimie kwa heshima na umwombe akueleze anayoyakumbuka. Wazee wa Kilema wana kumbukumbu ambazo hazijaandikwa popote, na wengi wao hufurahi kuulizwa, mradi usiwaulize huku umeshika simu mbele ya uso wao.

Kuhusu safari nitasema machache. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita zipatazo 80, na kutoka Moshi unafuata barabara ya Himo kabla ya kuanza kupanda. Ukitumia usafiri wa umma, uliza stendi gari linaloishia Kilema, ili usije ukateremshwa njia panda ukalazimika kutafuta bodaboda. Beba sweta hata kama Moshi mjini kuna jua kali, kwa kuwa mwezi Juni na Julai ukungu hushuka hadi mlangoni mwa kanisa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za pembeni huteleza. Anayetafuta utulivu asiende juma la Krismasi, kwa sababu Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko huwa wamerudi nyumbani, makanisa hufurika hadi nje na magari hujipanga barabarani. Anayetaka kuona imani ya ukoo mzima ikisali pamoja, basi juma hilo ndilo lake. Mimi binafsi huipenda siku ya kazi, Misa ya asubuhi, pale ambapo kanisani kuna akina mama wachache wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, masista, na wagonjwa waliokuja kuombewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Ukiingia kanisani, chovya kidole katika maji ya baraka, ufanye ishara ya msalaba, kisha utafute taa nyekundu inayowaka. Taa hiyo inaonyesha palipo na Tabernakulo, ambamo Ekaristi Takatifu huhifadhiwa, na hapo ndipo goti la kulia linapopigwa hadi sakafuni. Nimewaona mahujaji waliosafiri kutoka mbali wakipita mbele ya Tabernakulo bila hata kuinamisha kichwa, wakikimbilia sanamu iliyo pembeni, na jambo hilo huniumiza, kwa kuwa linamfanya mtu wa nje aamini kwamba Wakatoliki wanaabudu plasta na rangi. Bikira Maria mwenyewe, katika arusi ya Kana, aliwaambia watumishi wafanye lolote watakaloambiwa na Mwanawe. Kumpita Mwana ili kumfikia Mama ni kwenda kinyume na maneno yake.

Wifi yangu ni Mlutheri wa Machame, na katika familia zetu za Kilimanjaro mchanganyiko wa namna hiyo ni wa kawaida kabisa. Alikubali kutusindikiza, na tulipokaa kwenye benchi akaniuliza kwa upole, “Wifi, na ile amri ya kutojifanyia sanamu ya kuchonga mnaielewaje?” Swali hilo linastahili jibu lililotulia, na kila Mkatoliki anayempeleka mgeni kanisani anapaswa kuwa nalo. Nilimwambia kwamba Mungu aliyekataza sanamu za kuabudiwa katika kitabu cha Kutoka ndiye aliyemwagiza Musa, katika kitabu cha Hesabu, kutengeneza nyoka wa shaba ili waliomtazama wapone. Nikamwambia pia kwamba nyoka huyohuyo, watu walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande, na alisifiwa kwa tendo hilo. Kwa hiyo chombo kilekile kinaweza kumwelekeza mtu kwa Mungu au kumpoteza, ikitegemea anachokitafuta moyoni. Mtaguso wa Pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa mbele ya sanamu humwendea yule ambaye sanamu inamwakilisha, na kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Wifi hakubadili dhehebu, wala sikumpeleka kwa nia hiyo, lakini alikaa nasi tuliposali Rozari, na fumbo la kuzaliwa kwa Bwana alilifuata akiwa amefumba macho.

Wageni wengi huenda Kilema kwa ajili ya masalia, yaani kipande kidogo cha mti kinachoheshimiwa hapo kama sehemu ya Msalaba wa Bwana wetu. Mapokeo ya Kanisa huunganisha kupatikana kwa Msalaba huo na Mtakatifu Helena, mama wa Kaisari Konstantino, katika karne ya nne, na sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba huadhimishwa tarehe 14 Septemba. Wasiliana na ofisi ya parokia kabla ya safari ili ujue utaratibu wa siku hiyo, kwa maana masalia hayakai wazi kama picha ukutani, na paroko ana haki ya kupanga lini na vipi waamini watayaheshimu. Ukiwa na mgonjwa, eleza hali yake mapema. Mapadre niliowaona wakiwahudumia wagonjwa hufanya hivyo kwa moyo, ila hawawezi kumwandalia mtu ambaye hawajui kwamba anakuja.

Baada ya Misa na baada ya Tabernakulo, sasa nenda mbele ya sanamu. Parokia zetu nyingi zina groto, pango la mawe lenye Bikira Maria wa Lourdes aliyevaa nguo nyeupe na mshipi wa buluu, kwa kumbukumbu ya yale yaliyompata Bernadette Soubirous huko Ufaransa mwaka 1858. Kaa kimya kwanza. Acha aliyekutangulia amalize, hata akichukua nusu saa, kwani hujui amebeba nini. Sali sala unayoijua tangu utotoni kuliko kusoma upya sala ndefu kwenye simu. Salamu Maria moja inayotoka moyoni inatosha kabisa mahali pale.

Ninakusihi usiisugue sanamu kwa mkono wala kwa leso. Sanamu nyingi za zamani ni za plasta au mbao iliyopakwa rangi, na jasho na mafuta ya mikono huila rangi hiyo polepole, hasa miguuni ambako kila mtu anataka kugusa. Moshi wa mishumaa huzifanya nyuso kuwa nyeusi, kwa hiyo washa mshumaa pale tu palipotengwa, na kamwe usiubandike kwenye kitako cha sanamu. Nimewahi kuona katika parokia moja, ambayo sitaitaja, sanamu ya miaka mingi ikiwa imepakwa rangi ya mafuta inayong'aa kama ya mlango wa duka, macho yakiwa yamechorwa upya na fundi wa mtaani. Waliofanya hivyo walikuwa na upendo, sina shaka, lakini uso ambao bibi zetu waliutazama wakisali machozi yakiwatoka umefunikwa, na kuurudisha ni kazi ngumu inayohitaji mtaalamu. Kama una uwezo wa kuchangia ukarabati, changia, na umwombe paroko amtafute mtu anayejua kuhifadhi kazi za kale kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.

Mengine ni ya adabu ya kawaida. Wanawake wavae gauni au sketi inayofunika magoti, au wajifunge kitenge. Wanaume wavue kofia mlangoni. Picha zipigwe kwa ruhusa, nje ya muda wa ibada, bila kuonyesha sura za watu wanaosali. Mkatoliki anayetaka kupokea Komunyo afunge kula walau saa moja kabla, na kama anahitaji kitubio, yaani kuungama dhambi, amwone padre kabla Misa haijaanza, siyo wakati padre ameshavaa mavazi ya Misa. Mgeni asiye Mkatoliki abaki tu kwenye benchi wakati wa Komunyo, na mwenyeji wake amweleze hilo mapema ili asijisikie ametengwa mbele za watu. Watoto waje, na waelezwe kwa nini tunanyamaza. Mtoto wa miaka mitano anaweza kulielewa hilo vizuri kuliko watu wazima wengi.

Kabla ya kuondoka, pita ofisini uandikishe nia ya Misa, kwa mfano kwa marehemu wenu au kwa mgonjwa uliyemwacha nyumbani, na utoe sadaka kwa kadiri ya uwezo wako kwenye sanduku au kwa kuandikiwa stakabadhi, siyo mkononi mwa mtu yeyote anayejitokeza mlangoni. Kama kuna akina mama wanaouza rozari na mishumaa kwa ajili ya parokia, nunua kwao, kisha umwombe padre azibariki kabla hujaondoka. Ondoka mapema mchana ikiwa unategemea usafiri wa umma, kwa sababu jioni magari ya kushuka mlimani hupungua, na mzee au mgonjwa uliyekuja naye hapaswi kumalizia siku ya sala akiwa amesimama kwenye baridi akisubiri gari.