Profesa amekataa mada ya volkano: ufanye hivi

Dada yangu, unasema profesa amekataa mada yako ya utafiti wa saikolojia juu ya hofu ya watu wa Goma baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, eti ni kazi ya wanajiolojia. Usigombane naye. Anachouliza ni haki: saikolojia iko wapi humo?

Mjibu kwa swali moja. Volkano ililipuka tarehe 22 Mei 2021, amri ya kuhama ikatoka tarehe 27. Kwa nini huyu alibeba godoro akaenda mji wa Sake, jirani yake akafunga mlango akabaki? Hapo kuna kumbukumbu za mlipuko wa 2002, uvumi wa kwenye simu, na imani kwa serikali (au ukosefu wake). Ramani ya lava haijibu hayo, ila itakusaidia kuchagua wa kuhoji: watu wa mtaa wa Buhene, ambako lava ilifika, na wa mtaa wa Himbi, ambako haikufika.

Msimamizi mwenza atoke jiolojia. Msimamizi mkuu abaki wa idara yako, ndiye atakayekutetea mbele ya jopo. Dodoso lijaribu kwanza kwa watu wachache, kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Na kabla ya mahojiano, patana na mshauri nasaha wa kumpelekea mtu atakayezidiwa na kilio.