Kiu ya Pumzi Huletwa na Nini?

Swali: Shikamooni, dawati la afya. Mimi ni mvuvi wa Mikindani, nazamia pweza na kombe bila mtungi, mita 8 hadi 10. Wenzangu kabla ya kuzama huhema harakaharaka mara 20 au 30, na kweli hukaa chini kunishinda. Mzee mmoja hapa pwani anakataza ila hatoi sababu. Nani yuko sahihi? Na mbona pumzi naizuia nikitaka, lakini mapigo ya moyo siwezi?

Jibu: Marahaba. Mzee yuko sahihi, na sababu yake imo ndani ya swali lako la pili.

Moyo hujiendesha. Una chembe zake zinazotoa mapigo hata neva zikikatwa. Mapafu hayana uwezo huo. Hujazwa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kikisaidiwa na misuli ya mbavu. Kiwambo ni msuli wa aina ileile ya mkono wako: bila amri hakisogei. Amri hupita kwenye neva zinazotoka shingoni, pingili ya 3 hadi ya 5, na ndiyo maana aliyeanguka mnazi akavunjika shingo juu ya hapo huweza kufa kwa kukosa pumzi ingawa mapafu yake ni mazima.

Sasa, amri hiyo ina mabwana wawili. Wa kwanza yuko medula, chini kabisa ya ubongo, ndiye anayepiga mdundo wa pumzi 12 hadi 20 kwa dakika hata ukiwa usingizini. Wa pili yuko kwenye gamba la juu la ubongo. Huyo humtumia unapoongea, unapopuliza moto, unapozama. Wa juu anaweza kumnyamazisha wa chini, lakini kwa muda tu.

Kinachomrudisha wa chini kazini ni kabonidayoksaidi, hewa chafu unayoitoa kila unaposhusha pumzi. Wengi hudhani ni upungufu wa oksijeni, na kosa hilo ndilo linalozamisha watu. Kabonidayoksaidi ikipanda huongeza asidi katika maji yanayozunguka ubongo, medula inahisi, na kiwambo kinaanza kurukaruka chenyewe. Hiyo ndiyo kiu ya pumzi. Vipimo vya oksijeni vipo pia, kwenye mishipa mikubwa ya shingo, lakini huchelewa kupiga kelele hadi oksijeni iwe imeshuka sana.

Mwenzako anayehema mara 30 haongezi akiba ya maana, kwa kuwa damu yake ilikuwa tayari imebeba oksijeni karibu asilimia 97 ya uwezo wake. Anachofanya ni kuifukuza kabonidayoksaidi, yaani kuizima kengele. Ganzi ya midomo na vidole anayoisikia kabla ya kuzama ni dalili ya hilo, wala si nguvu. Huko chini anajiona hodari huku oksijeni inaisha kimyakimya. Kisha anapanda. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na linasaidia kuisukuma oksijeni iliyobaki iingie kwenye damu. Akipanda linapungua kwa nusu, msukumo unaisha, anazimia mita chache kabla ya kufika au akiwa ameshatoa kichwa. Nchi kavu kuzimia kungemwokoa, maana medula ingeshika usukani na kuvuta pumzi. Majini inavuta maji.

Kwa hiyo pumua kawaida, vuta pumzi moja ya kujaza, zama. Ukitoka, pumzika juu walau mara mbili ya muda uliokaa chini. Kiwambo kikianza kuruka, mwache pweza kwenye pango lake, atakuwepo bamvua lijalo. Msizame wote kwa pamoja. Mmoja abaki juu na amtazame mwenzake kwa sekunde 30 baada ya kuibuka. Akizimia, inua uso wake utoke majini, mfikishe mahali pagumu, na kama hapumui mpulizie pumzi 5 mdomoni huku umembana pua, halafu mkandamize kifua mara 30 kwa kila pumzi 2. Msimning'inize kichwa chini kumtoa maji. Huko ni kupoteza dakika.

Swali: Mwanangu ana miezi 14. Akiudhiwa analia, anakauka, midomo inakuwa ya bluu, analegea. Majirani humwagia maji. Atakufa siku moja? (Mama, Nachingwea)

Jibu: Pole, mama. Hafanyi kusudi: hutoa pumzi yote kwa kilio, kisha anakwama kuvuta. Akizimia, medula humrejesha, kwa kawaida kabla dakika haijaisha. Mlaze ubavu, usimtikise, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, na maji ya majirani yabaki ndooni. Mpeleke apimwe damu, kwani upungufu wa madini ya chuma huchochea hali hii na dawa yake huipunguza. Kipimo cha dawa hupangwa kwa uzito wake. Wengi huacha kufikia miaka 5 au 6. Wahi hospitali kama anazimia bila kulia wala kushtuka, au anachelewa kuzinduka.

Swali: Baridi ya Juni huku Newala tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Moshi ukiisha si salama? (Msomaji, Newala)

Jibu: Hapana. Mkaa usio na moshi bado hutoa kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Hunata kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haiamshi kengele yoyote kati ya tulizotaja: kabonidayoksaidi unaendelea kuitoa, na vipimo vya shingoni husoma oksijeni iliyoyeyuka, ambayo iko sawa. Mtu hasikii kukabwa. Husikia kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi. Jiko libaki nje hata likishafunikwa na majivu. Mkimkuta mtu amelegea, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali hata akizinduka, kwa sababu kwa hewa ya kawaida nusu tu ya sumu hiyo huhitaji saa 4 au zaidi kutoka, na kwa barakoa ya oksijeni hupungua hadi saa moja na nusu hivi.