Hesabu za dripu kwenye NCLEX-PN: kwa nini unakosa unachokijua?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Nairobi, nasoma nikitoka zamu ya usiku. Najiandaa kwa NCLEX-PN, mtihani wa leseni wa Marekani kwa wauguzi wa ngazi ya PN (practical nurse). Dripu na dozi nazipiga hesabu kila siku wodini, lakini kwenye mazoezi nakosa. Pia nimeambiwa kompyuta ikijifunga swali la 85, ujue umeanguka. Ni kweli?

Jibu: Sista, hesabu unaijua. Kinachokuangusha ni mazoea. Mtihani huu unaandaliwa na NCSBN, baraza la bodi za uuguzi za Marekani lililoko Chicago, kwa vipimo na majina ya dawa ya kwao, na hapo ndipo alama zako zinapotelea.

Chukua lita moja ya normal saline (dripu ya maji ya chumvi) ya saa 8. Wodini umezoea mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, ugawe kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Swali likikupa mpira wa matone 15, jibu ni 31. Mkono uliozoea 20 utaandika 42 kabla jicho halijamaliza kusoma. Kwa hiyo, kabla hujagusa kikokotoo, andika mambo matatu: ujazo, muda kwa dakika, matone kwa mililita. Desimali usiiondoe katikati ya hesabu, ngoja mwisho.

Uzito nao huja kwa pauni. Mtoto wa pauni 33 ana kilo 15, kwani unagawa kwa 2.2. Ukisahau, dozi yako ni zaidi ya mara mbili, na hilo ni kosa la kumdhuru mtoto, si la karatasi tu.

Sukari ya damu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sisi tunasoma mmol/L, wao mg/dL. Yetu ukiizidisha kwa 18 unapata yao; yao ukiigawa kwa 18 unapata yetu. Ukiona mgonjwa ana 60, usiruke kwenye insulini. Hiyo ni 3.3 yetu, imeshuka. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe gramu 15 za sukari ya haraka, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Majina ya dawa yakariri tu: paracetamol kwao ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatulitazami, nalo ni mipaka ya kazi. Usiku wodini unafanya kila kitu kwa sababu uko peke yako. PN wa Marekani hufanya kazi chini ya RN (registered nurse), muuguzi wa ngazi ya juu yake. Mgonjwa aliyetoka thieta sasa hivi na hajatulia, tathmini ya kwanza ni ya RN. Wewe chagua aliyetulia. Maswali ya namna hii ni mengi, yape muda kuliko hesabu.

Kuhusu 85, hapana. Maswali ni kati ya 85 na 150, ndani ya saa 5. Kompyuta husimama ikiwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango, kwa hiyo waliopita na walioanguka wote wanaweza kusimamishwa hapo. Ila huwezi kurudi kwenye swali ulilokwisha jibu, basi hakikisha kipimo kabla ya kubonyeza.