Muulize Fundi: Antena niifunge wapi kwenye lori la miwa?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Awasi. Nina Isuzu FRR ninayobebea miwa, na wenzangu wana malori yao. Tulinunua redio za CB, zile za kuongea gari kwa gari, ili tuambiane foleni ya kiwandani ikoje na njia za shambani zikoje mvua ikinyesha. Antena yangu ya mita 1.2 imefungwa kwenye bampa ya nyuma ili isigongwe na matawi. Mwenzangu akinitangulia kilomita mbili tu, ananisikia kwa shida. Mmoja ananiambia niihamishie kwenye kioo cha pembeni, mwingine anasema paa la kebini. Naogopa kutoboa paa, lisije likavuja na kushika kutu. – Dereva wa miwa

JIBU: Ndugu yangu, weka kwenye paa, na utoboe. Ukishajua sababu, utaweza kumwelekeza fundi yeyote hapo Awasi au Ahero.

CB hutumia masafa ya megahezi 27, na wimbi lake lina urefu wa mita 11 hivi. Antena kamili ya gari ni robo ya wimbi hilo, karibu mita 2.7. Yako ni fupi, kwa hiyo ndani yake umesokotwa waya ili ifanye kazi kama iliyo ndefu. Lakini fimbo hiyo ni nusu ya antena. Nusu nyingine ni bati lililo chini yake. Bati likitandaa pande zote za fimbo, sauti hutoka pande zote. Likiwa upande mmoja, sauti huelemea upande huo. Wateja huja karakanani kwangu hapa Nakuru wakitaka fimbo ya bei kubwa zaidi, na bati hakuna anayeliuliza. Hilo linaniuma, kwa sababu ndilo lingewaokolea pesa.

Bampa ya nyuma siikubali kabisa kwa gari la miwa. Fimbo imesimama ubavuni mwa vyuma vya bodi, na ndani ya bodi kuna tani za miwa mibichi iliyojaa maji. Redio nyingi zilizoundwa kwa sheria za Marekani hutoa wati 4 tu, nawe unazipotezea kwenye vyuma na miwa kabla hazijamfikia mwenzako aliye mbele.

Kioo ni afadhali, ila kama mkono wa kioo umeshikwa na mlango, mlango wenyewe umeshikwa na bawaba zenye rangi na grisi. Umeme haupiti vizuri hapo. Ukilazimika kuutumia, unganisha mkono huo na bati la kebini kwa mkanda mpana wa shaba iliyosukwa, na uhakikishe sehemu kubwa ya fimbo inapita juu ya paa. Funga upande wa dereva, maana matawi ya kando ya barabara yatakupiga kushoto.

Sasa paa. Tafuta katikati ya kulia na kushoto, halafu sogea mbele kidogo, uwe mbali na vyuma vya bodi vilivyosimama nyuma ya kebini. Kumbuka kebini hiyo huinamishwa mbele fundi akitaka injini. Fimbo itakwenda nayo, na inaweza kugonga ukuta ulio mbele. Nunua kitako, yaani kishikio cha chini cha antena, ambacho fimbo yake inafunguliwa kwa mkono, na umzoeze taniboi wako kuifungua kwanza.

Kuhusu kutoboa: shusha kitambaa cha dari, uangalie kama kuna nyaya au mbavu za chuma. Toboa kwa kipimo cha kitako, usizidishe. Kwa ndani, kwangua rangi pale tu kitako kinapouma bati, mpaka chuma king'ae. Ukingo wa tundu upake rangi ya kuzuia kutu, na juu weka raba ya kitako. Ukiongeza silikoni, kataa ile inayonuka siki, kwa sababu asidi yake hula chuma. Paa lililotobolewa hivyo halivuji. Kitako cha sumaku kinafaa kwa majaribio ya siku chache, lakini vumbi la shambani huingia chini yake likakwangua rangi.

Kisha pima kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka. Pima uwanjani, milango imefungwa, mbali na kuta. Chini ya 1.5 ni vizuri sana, mpaka 2 inatumika, ikipita 3 usibonyeze kitufe cha kusemea, utaiunguza redio. Chaneli ya 1 ya redio ikisoma juu kuliko ya 40, iliyo ya mwisho, fimbo ni fupi. Kinyume chake, ni ndefu. Pima gari likiwa tupu, urudie likiwa limepakiwa.

Tambarare za Kano zitakusaidia. Milima ya Nandi haitakusaidia, na hakuna antena itakayoizunguka. Waya za stima zinazokatiza mashamba zitazame kila unapoingia; fimbo ikizigusa ni kifo. Na kabla ya kurusha sauti, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu kibali.

SWALI: Pikapu yangu ina kanopi ya faiba. Naweza kufunga antena juu yake? – Muuza viazi, Molo

JIBU: Dada, faiba si bati, kwa hiyo antena ya kawaida haitapata nusu yake ya pili. Ifunge juu ya kebini, ambayo ni chuma. Kama lazima iwe kwenye kanopi, nunua ile iliyoundwa kufanya kazi bila bati, pamoja na waya wake maalumu, na waya huo usiukate hata ukiwa mrefu kupita kiasi.