Kazi ya kuchunguza na kusafisha ardhi iliyochafuliwa: ushauri kwa vijana wa Tanga

Tangu habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga zianze kusikika mjini, vijana wengi wa Tanga waliosoma kemia, jiolojia, uhandisi wa maji au sayansi ya mazingira wamekuwa wakiniuliza njia ya kuingia katika kazi ninayoifanya, yaani kuchunguza ardhi na maji yaliyochafuliwa na kusimamia usafishaji wake. Wengi wao huichanganya na tathmini ya athari kwa mazingira, ile ambayo sheria inaitaka kabla mradi haujaanza. Tathmini hiyo hutazama mbele na kuuliza mradi utaleta madhara gani. Sisi hutazama nyuma, tukauliza ni kitu gani kimekwisha kuingia ardhini, kimefika wapi, nani anakipata mwilini mwake, na kitaondolewa kwa njia ipi.

Jibu langu kwa wote limekuwa moja: jifunze kwanza kuchukua sampuli, na ujifunze hadi pale ambapo hata asiyependa majibu yako hatapata pa kuyashikia. Majibu ya maabara, ramani, hesabu za hatari kwa afya na mamilioni ya shilingi yatakayotumika kuchimba udongo, vyote vinategemea kichupa kilichojazwa na mtu mmoja akiwa uwandani juani. Nimeona wahitimu wenye alama za juu wakitaka kuanzia kwenye kuandika ripoti, na ninawahurumia, kwa sababu hawawezi kujua ni namba ipi ya kuaminiwa na ni ipi ya kutiliwa shaka.

Chukua mfano wa kituo cha mafuta chenye tangi la chuma lililofukiwa miaka mingi iliyopita. Kutu hulila tangi polepole, na mara nyingi dalili ya kwanza ni hesabu za mauzo kutolingana na kipimo cha tangi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hushuka kwenye udongo hadi inapokutana na maji ya ardhini, kisha huelea juu yake na kusambaa. Sehemu yake huyeyuka ndani ya maji hayo, na humo mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi kidogo namna hiyo hakionekani kwa macho, na pua haiwezi kukitambua.

Ili kukipima, huchimbwa kisima chembamba cha uchunguzi. Fundi wa sampuli hupima kwanza kina cha maji, halafu huyavuta polepole huku akisoma joto, pH (kipimo cha asidi), upitishaji wa umeme na oksijeni, naye hangusi kichupa mpaka vipimo hivyo vitulie, kwa maana maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima si maji ya ardhini yanayotafutwa. Kichupa cha mililita 40 hujazwa hadi maji yavimbe juu ya mdomo wake, kifuniko kikazwe, kisha kipinduliwe kichwa chini na kugongwa kwa kidole. Kikionekana kiputo cha hewa, kichupa hicho huwekwa kando na kujazwa kingine, kwa sababu benzini hukimbilia kwenye hewa na maabara itapima pungufu ya kilichopo. Baada ya hapo huwekwa kwenye deli lenye barafu, kwenye nyuzi 4 hivi, pamoja na kichupa kingine cha maji safi kilichotoka maabara, ambacho husafiri na wenzake bila kufunguliwa ili kuonyesha kama uchafuzi uliingia njiani. Sampuli iliyotiwa asidi ya kuihifadhi hutakiwa kupimwa ndani ya siku 14. Anayeituma kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300, lazima ajue deli limepokelewa na nani na saa ngapi, na fomu ya makabidhiano isainiwe na kila aliyelishika. Fomu hiyo ndiyo huulizwa kwanza shauri linapofika mahakamani.

Mji wetu una mambo yake ambayo hutayapata kwa urahisi darasani. Katika mitaa iliyo karibu na bahari, maji ya visima hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua tofauti huwa kubwa zaidi. Ukipima visima vitatu asubuhi na vingine vitatu jioni, kisha ukavichora vyote kwenye ramani moja, mshale wa mwelekeo wa maji utakuelekeza upande usio wa kweli, na utaenda kuchunguza nyumba zisizohusika huku zinazohusika zikiachwa. Vipime vyote kwa muda mfupi uwezekanavyo, andika saa, kisha rudia maji yakiwa katika hali nyingine. Jambo la pili ni jiwe la chokaa. Aliyeingia mapango ya Amboni ameona jinsi maji yanavyoweza kulila jiwe hilo. Nyufa za namna hiyo, hata zikiwa nyembamba, hupitisha uchafuzi haraka na kwa njia zisizotabirika, ikawa kisima cha jirani wa karibu ni salama na cha nyumba ya mbali kinanuka mafuta. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya mchanga na changarawe zitakudanganya hapa usipokuwa mwangalifu.

Kabla ya kuchimba chochote kuna kazi ya nyaraka na watu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoletwa nchini, na tangu wakati huo mkoa umekuwa na karakana, maghala ya dawa za kilimo, matangi ya mafuta, viwanda na korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge. Ramani za zamani husaidia, lakini wazee husaidia zaidi. Tulikuwa tukiandaa uchimbaji kwenye kiwanja kimoja, mchoro mkononi, alipopita mzee aliyewahi kuwa fundi mitambo pale. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, alitutazama kwa muda akasema, "Wanangu, mnachimba sipo. Karakana ya kwanza ilikuwa upande huu, na shimo la oili chafu lilifukiwa kabla ukuta huo haujajengwa." Tulihamisha alama moja ya kuchimba, na udongo mweusi ulitoka chini ya ukuta kama alivyosema. Kwa hiyo pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, jitambulishe, kaa kitako na watu, uliza na uandike. Kijana asiyejua kuamkia na kusikiliza ataigharimu kampuni fedha nyingi.

Usijifunze mafuta peke yake. Kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu Handeni na Kilindi, na palipo na uchimbaji wa namna hiyo mara nyingi pana zebaki, ambayo haiozi wala haiishi. Kwenye tope la mito hugeuka kuwa zebaki ya kikaboni inayopanda kutoka kwa viumbe wadogo hadi samaki na hatimaye kwa mlaji. Ninapowafundisha vijana, huwapeleka kutazama bwawa la Mabayani, linalolishwa na mto Zigi kutoka milima ya Usambara Mashariki, kwa sababu maji ya bomba ya jiji letu yanatoka hapo na kila kinachomwagwa huko juu kina njia ya kutufikia. Soma pia habari za Vikuge karibu na Kibaha, ambako dawa za kuulia wadudu zilizoletwa kutoka Ugiriki mwaka 1986 zilihifadhiwa vibaya na kuacha DDT kwenye udongo. Soma habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza madini ya risasi katika makazi ya watu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Katika shauri kama hilo, vipimo vya damu na vya udongo ni ushahidi, na kila kipimo kilichukuliwa na mtu fulani.

Kuhusu kusafisha kwenyewe, lazima ujue kichafuzi chako kina tabia gani. Udongo wenye dizeli unaweza kutandazwa juu ya plastiki nene, ukachanganywa na samadi, ukanyunyiziwa maji na kupinduliwa mara kwa mara, na bakteria waliomo humo watayala mafuta. Joto la pwani huwasaidia. Risasi haiwezi kuliwa na kiumbe yeyote. Hiyo ama ichimbwe na kupelekwa mahali salama, ama ifunikwe, ama ifungwe kikemikali ndani ya udongo ili isiingie mwilini kwa urahisi. Petroli inayoelea huvutwa, na mvuke wake hunyonywa kutoka ardhini. Ninasisitiza kwamba kuchimba udongo mchafu hapa na kuumwaga dampo, au kwenye shamba la mtu, ni kumhamishia mtu mwingine ugonjwa. Taka hatarishi husafirishwa kwa kibali, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wazi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Wakati mwingine hatua ya kwanza iliyo sahihi ni kufunga kisima na kuwavutia watu maji ya bomba, huku usafishaji ukiendelea kwa miaka.

Shahada yoyote ya sayansi inayogusa udongo, maji au kemikali inakufaa, iwe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi au Sokoine, na stashahada ya Chuo cha Maji inamfaa sana anayependa visima. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, Muheza, kina historia ndefu katika elimu ya udongo, nacho kiko mlangoni petu. Fahamu kwamba wataalamu wa mazingira husajiliwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na kwamba uchimbaji wa visima husimamiwa na bodi za maji za mabonde. Kwetu ni Bodi ya Bonde la Pangani. Anayetaka kufanya kazi na kampuni za nje atakutana na mafunzo ya saa 40 ya Marekani yanayoitwa HAZWOPER. Hayo hufundisha kinga, na kinga si jambo la hiari: usishuke kwenye shimo au tangi ambalo hewa yake haijapimwa, hata kama bosi amesimama juu akikuharakisha.

Utajaribiwa pia. Mwenye kiwanja mmoja aliyekuwa akitafuta mnunuzi aliniomba nisogeze visima upande wa juu wa mteremko, mbali na tangi, na akasema malipo yangeongezeka. Nilimweleza kwa heshima kwamba mnunuzi naye atakuja na mtaalamu wake, na kwamba majirani wanakunywa maji ya upande wa chini. Kazi ile niliikosa. Tangu hapo sikubali kazi kabla mpango wa sampuli, pamoja na mahali pa kila kisima, haujasainiwa na pande zote mbili, na ninakushauri ufanye hivyo kuanzia kazi yako ya kwanza.

Majibu nayo yana wenyewe. Ripoti nyingi za fani hii huandikwa kwa Kiingereza, lakini mama anayeuza maji ya kisima chake anahitaji kuambiwa kwa Kiswahili, uso kwa uso, kwamba maji hayo hayafai kunywewa wala kupikiwa. Kuyachemsha hakutayasaidia, kwa kuwa risasi hubaki sufuriani na benzini hupanda na mvuke jikoni anamopikia. Nenda na mtu wa afya wa kata, ubaki hadi maswali yaishe.

Ukiomba nafasi ya kujifunzia kazi, barua yako isirefushwe kwa sifa. Taja vifaa ulivyowahi kuvishika, taja maabara uliyojitolea, na uambatanishe nakala ya ukurasa mmoja wa daftari lako la uwandani wenye tarehe, saa, hali ya hewa, mchoro wa eneo na makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja bila kufutwa. Mimi husoma ukurasa huo kabla ya kufungua vyeti.