Lori la Kigali au Lubumbashi likaguliwe Dar kwanza

Lori likitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali au Lubumbashi hupita mikononi mwa wakaguzi wa nchi mbili, pengine tatu. Kwenye uzito, nchi hizi zimeshakubaliana. Kwenye breki, matairi na taa, bado. Mwenye lori akiijua tofauti hiyo anajua pa kuweka nguvu kabla geti la yadi halijafunguliwa. Tunawaandikia hasa wenye malori mawili matatu, wasio na ofisa usalama wala fundi wa kudumu.

Tuanze na mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2013, na Tanzania ilianza kuitumia Machi 1, 2019. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili za pamoja zenye matairi manane, tani 18. Ekseli tatu za pamoja zenye matairi kumi na mawili, tani 24. Uzito wa jumla hauzidi tani 56, na ekseli hazizidi saba. Viwango vya Zambia vinafanana na hivi, kwa hiyo lori lililopakiwa vizuri kwa ajili ya mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, halina sababu ya kukwama kwenye mizani ya Zambia ya Mpika au Kapiri Mposhi.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kudhani tani 56 ni haki ya kila lori. Chukua kichwa cha ekseli tatu na tela ya ekseli tatu: 8 na 18 na 24 ni tani 50, basi. Toa kichwa tani 9, tela tani 7 na nusu, kontena tupu la futi 40 karibu tani 4. Mzigo wenyewe unabaki tani 29 na ushee. Dalali akikwambia tani 32 zinaingia, huenda nafasi ipo, lakini mizani haitazipitisha. Kama tela lina matairi mapana ya supa singo badala ya matairi pacha, hesabu inashuka zaidi, kwa sababu ukomo wake ni mdogo. Na ile nafasi ya asilimia 5 inayozungumzwa vijiweni ipo kwenye ekseli tu. Kwenye uzito wa jumla hakuna hata kilo moja ya ziada.

Uzito wa jumla ukiwa sawa, bado ekseli zinaweza kukuangusha. Kutoka pini inayounganisha tela na kichwa hadi katikati ya ekseli tatu za nyuma kuna kama mita 7.7 kwenye tela nyingi. Ukisogeza mzigo wa tani 26 kwa mita moja kwenda nyuma, unahamisha karibu tani 3.4 kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye ekseli za tela. Nusu mita tu ni tani 1.7, na hiyo inatosha kabisa kugeuza lori halali kuwa kosa. Kwa hiyo kabla ya kupakia, chora mstari wa chaki sakafuni mwa tela pale katikati ya mzigo inapotakiwa kukaa, na msimamizi wa upakiaji aufuate. Shaba inahitaji uangalifu wa pekee: mafungu yake ni mazito na hayachukui nafasi, hivyo tela huonekana tupu wakati limeshajaa. Mafungu yapangwe kwa urefu wa tela na kufungwa kwa minyororo, la sivyo breki moja kali inayasogeza mbele, na mizani inayofuata inasoma namba nyingine kabisa.

Jambo jingine linalosahaulika ni mafuta. Lita 1,000 za dizeli zina uzito wa kilo 840 hivi, na karibu zote hukaa juu ya kichwa. Lori linalopimwa likiwa na tangi robo, kisha likajaza Mlandizi, linafika Vigwaza si lile lililopimwa. Jaza kwanza, ndipo upime. Kwa kontena linaloingia nchini, mwombe wakala wa forodha uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini. Tangu Julai 1, 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli haziruhusu kontena lenye mzigo kupakiwa melini bila uzito huo. Kwa hiyo namba ipo, ila madereva wengi huondoka bandarini bila kuiona.

Sasa breki, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokufa.

Lori la breki za hewa lenye drami hukaguliwa kwa kupima mwendo wa fimbo ya busta, ile chemba ya hewa iliyo karibu na kila gurudumu. Egesha pahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, achia breki ya mkono. Zima injini shinikizo likiwa kati ya bar 6.2 na 6.9. Weka alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye busta. Msaidizi akanyage pedali mpaka mwisho na kushikilia, kisha pima umbali kutoka kwenye busta hadi kwenye alama. Kwa busta ya namba 30 ya kawaida, ukomo ni milimita 51. Namba 24 ya kawaida ni milimita 44. Namba 30 ya mwendo mrefu ni milimita 64. Namba ya busta imegongwa kwenye mwili wake, na ukiifuta tope na grisi kwa kitambaa utaisoma. Usikisie kwa macho, maana busta mbili za ukubwa tofauti kwenye ekseli moja zinavuta tofauti, na lori linakimbilia upande mmoja.

Kwa nini fimbo ndefu ni hatari? Drami ikipata moto inatanuka, laini za breki (bitana zinazosugua drami) zinasafiri mbali zaidi kuifikia, na fimbo inaongeza mwendo. Busta iliyokuwa ukingoni yadini Tabata asubuhi ya baridi inakosa nguvu mteremkoni Sekenke ukielekea Nzega, au Kitonga ukirudi na shaba. Dereva anakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, lori halishiki. Ndiyo maana lori linalopita yadini linaweza kushindwa mlimani bila kitu chochote kukatika.

Kama slaki ajasta, yaani mikono inayorekebisha mwendo wa fimbo, ni za kujirekebisha zenyewe na fimbo bado ni ndefu, usimruhusu fundi akaze kwa spana na kuondoka. Kukaza kunaficha tatizo kwa siku chache tu. Aangalie bushi za shafti ya breki, pini zilizolika na laini zilizokwisha. Slaki yenyewe ikiwa mbovu, ibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia. Kwa breki za diski hakuna fimbo ya kupima, hapo unaangalia unene wa pedi na mipasuko ya diski.

Hatua ya mwisho ni barabarani. Nunua kipimajoto cha kuelekeza kama bunduki. Baada ya mwendo wa kilomita kumi hivi zenye kufunga breki, simama na ukielekeze kwenye kila drami. Gurudumu lililo baridi kati ya yenye moto halifungi. Lenye moto kupita wenzake ama breki imeng'ang'ania, ama beringi inakufa. Kuzipima zote ni kazi ya dakika tano.

Wakaguzi wa Marekani, Kanada na Mexico wanatumia kigezo kimoja: asilimia 20 ya breki za lori zikiwa mbovu, lori haliondoki hapo lilipo. Lori la ekseli sita lina breki kumi na mbili, kwa hiyo tatu mbovu zinatosha. Lori lililopita ukaguzi kamili wa hatua 37 hubandikwa stika inayotambuliwa katika nchi zote tatu kwa muda usiozidi miezi mitatu. Sisi tuna makubaliano ya namna hiyo kwenye ekseli, wala hatuna sababu ya kukosa ya breki. Mkaguzi wa Rwanda hana njia rahisi ya kujua mwenzake wa Tanzania alipima nini, na hilo ni pengo la kuzibwa na serikali zetu, maana mwenye lori peke yake hawezi. Mpango wa pamoja wa jumuiya za COMESA, EAC (Afrika Mashariki) na SADC una mfumo uliokusudiwa kubadilishana taarifa za leseni, magari na makosa, na vituo vya ukaguzi wa pamoja vya Vigwaza, Manyoni na Nyakanazi vilikusudiwa kupunguza vizuizi njiani. Mpakani hali ni nzuri zaidi: Rusumo kituo cha pamoja kilizinduliwa Aprili 2016, Tunduma na Nakonde Oktoba 2019. Ila usichanganye mambo. Vituo hivyo vimerahisisha forodha na uhamiaji; tairi kipara linabaki tairi kipara pande zote mbili.

Kwa hiyo mpaka hapo stika ya pamoja itakapopatikana, tengeneza kumbukumbu zako. Daftari moja kwa kila lori: tarehe, kilomita, urefu wa kila fimbo ya busta kwa milimita, kina cha kashata za kila tairi, vipuri vilivyobadilishwa. Andika kwa namba. Mkaguzi wa Kigali au Lubumbashi asiyesoma Kiswahili chako atazisoma namba. Ndani ya jalada hilohilo weka nakala ya kadi ya gari, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri ardhini), karatasi za mizani zote za safari hiyo, na Kadi ya Njano ya bima ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo kampuni yako ya bima inaweza kukupa. Angalia imeandikwa majina ya nchi zote utakazopita. Dereva naye awe na cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho ni kitu kingine.

Ukivuka Rusumo au Kasumbalesa unahamia upande wa kulia wa barabara. Taa za lori la usukani wa kulia zimetengenezwa kumulika zaidi kushoto, na ukiwa upande wa kulia zinampiga machoni anayekuja. Ziba sehemu hiyo ya kioo kwa stika maalumu kabla giza halijaingia, na kwa siku ya kwanza usipite gari lingine usiku: dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara, haoni kinachokuja mpaka kichwa chote kiwe kimetoka. Pembetatu za kuakisi ziwe mbili na zifanye kazi. Matawi ya miti yanayowekwa barabarani badala yake hayaonekani usiku, na yakishanyauka hubaki pale siku nzima baada ya lori kuondoka.

Mizani ikikutia hatiani na una karatasi ya kituo kilichotangulia inayosema tofauti, omba kupimwa tena kwa utulivu kabla ya kulipa chochote. Wakati wa kupimwa, dereva aingie taratibu, asimame bila kukanyaga breki kwa nguvu, maana breki iliyokazwa huhamisha uzito kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Mifuko ya hewa ya tela iwe imejaa sawa. Namba ikibaki ileile, kama tatizo ni ekseli na si jumla, mzigo unaweza kupangwa upya palepale, na hapo turubai lililofungwa kwa kamba za kufunguka haraka na vibarua wawili wanaojua kazi vinaokoa nusu siku. Chukua stakabadhi ya kila shilingi, kwacha au faranga, na ipigwe picha itumwe ofisini kabla lori halijawashwa.