Mama anasema uji, baba anasema jiko

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni afisa ustawi wa jamii, bado mpya, nimepangiwa kata moja huku Kaliua, Tabora. Mwalimu kaniita nione mtoto wa darasa la pili ameungua mikono yote miwili, mama wa kambo anasema uji ulimmwagikia, baba anasema aliangukia jiko, na mwenyekiti wa kitongoji ambae ndo baba mdogo wa huyo baba ananiambia tuyamalize nyumbani, eti mi mgeni. Ushahidi sina. Nikiripoti alafu ikawa kweli ni uji je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ushahidi wa nini, kwani we hakimu? Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka hata mwanajamii wa kawaida akiwa na taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, sembuse wewe unaelipwa kwa kazi hiyo. Ikiwa ni uji, daktari atasema ni uji, basi.

Ila angalia hiyo mikono vizuri. Uji ukimwagika unaruka na kuchirizika, alama zinakuwa ovyo ovyo. Mkono uliozamishwa kwenye maji ya moto unabaki na mstari kama kavaa glavu, na ikiwa yote miwili imeungua sawasawa hapo ndo ushtuke. Michubuko pia, watoto wanaanguka kila siku wanaumia magoti, ugoko, paji la uso, lakini masikio na mapaja kwa ndani mtoto anaangukiaje? Na usipaparike kwa kila alama, wachanga wetu wengi wanazaliwa na mabaka ya bluu matakoni, na alama za kuumikwa (kutolewa damu kwa pembe) nazo bibi yake atakueleza.

Kwa huyu, maelezo mawili yanayopishana yanatosha kuanzia. Mpeleke hospitali leo leo, polisi nenda Dawati la Jinsia na Watoto wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na afisa ustawi wa wilaya mwandikie, usiishie kumpigia simu. Mtoto muulize "ilikuwaje", pembeni, mama asiwepo, alafu nyamaza, andika maneno yake kama yalivyotoka. Usimrudie rudie na usimwahidi kwamba itabaki siri, maana haitabaki. (Siku ukikutana na kesi ya kubakwa, kumbuka dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ndani ya saa 72, hapo kila saa ina maana.)

Mwenyekiti msalimie kwa heshima zote ila hicho kikao chake usikae. Vikao hivo navijua, wanalipana mbuzi, wanashikana mikono, mtoto anarudi kulala nyumba ileile. Ukiona wanakubana piga 116, ni bure.

Na mwalimu usimtaje kabisa kwa familia, anaishi nao hapohapo, ukimuuza leo kesho hakuiti tena.